Golikipa Niliyemruka

Sitamtaja mtu jina katika maandishi haya, isipokuwa mmoja, naye nitamtaja mwishoni. Nina sababu, tukifika mtaiona. Hapa Sokon, Arusha, wananiita koko, yaani bibi, ingawa sikuzaa, na wote wanajua kwamba nikiudhika husema, na naudhika upesi. Juzi vijana wa jirani walikuwa ukutani kwangu wakibishana habari za mpira: timu gani ilifungwa na nani, nani alidaka siku hiyo. Nikawaambia mimi nimeandika kumbukumbu za timu ya mpira kabla baba zao hawajazaliwa, tena timu ya Ulaya, ya Walatvia. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Koko naye!" Haya, chekeni. Nimeingia ndani nimechukua kalamu.

Zilikuwa enzi za Wadachi, yaani Wajerumani. Mimi ni Mwarusha, mzaliwa wa Oldonyo Sambu, upande mkavu wa mlima Meru, ambako ng'ombe ni wengi kuliko miti. Niliolewa, mume akafa kabla hatujapata mtoto, na ndugu zake wakaanza kunitazama kama kikapu alichosahau mgeni. Nikaenda misheni. Nikabatizwa, nikafundishwa kusoma na kuandika, na nilikuwa mwepesi, msinione hivi. Lakini kwetu waliposikia nimebatizwa wakanisusa, na Wakristo wenyewe hawakunizoea, maana walinijua ni mjane asiye na mtoto wala ukoo. Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Jumapili niliichukia kuliko siku zote.

Nikapata kazi Olmotonyi kwa mzungu mmoja aliyekuwa anaanzisha shamba la kahawa. Kupika, kufua, kupalilia miche. Wazungu wengine wa mlimani walitembeleana kwa magari ya ng'ombe siku za mapumziko, ila yeye hakutembelewa. Watu walimwita Mrusi, naye alikuwa akiwaka: "Mimi si Mrusi! Mimi Mlatvia!" Nani angejua Mlatvia ni nani? Kwao walitawaliwa na Mrusi kama sisi tulivyotawaliwa na Mdachi, kwa hiyo makaratasi yake yaliandikwa Mrusi. Hilo la makaratasi mlishike, litarudi.

Mwaka mzima wa kwanza sidhani tulizungumza maneno mia. Chumvi. Kuni. Maji yamechemka. Ukungu wa mlima ulishuka hadi mlangoni, na ndani ya nyumba tulikuwa watu wawili, kila mmoja na chumba chake na kikohozi chake.

Kisha swila akamtemea sumu machoni. Alikuwa anainua mawe ya kujenga kitalu, na nyoka alikuwa chini ya jiwe. Nilisikia yowe nikatoka na kibuyu cha maziwa ya mbuzi, nikamlaza chali, nikamwosha macho huku nikimkemea asijisugue. "Tulia, wewe! Unataka kupofuka?" Hakupofuka, lakini macho hayakurudi yalivyokuwa. Aliona mwanga, aliona umbo la mtu akipita. Herufi hakuziona tena.

Wiki chache baadaye tarishi wa boma akaleta barua. Nilikuwa nimesimama pale na beseni la nguo. Aliipokea, akainusa, akaisogeza dirishani, akaileta puani kabisa, akaigeuza, akairudisha dirishani. Mtu mzima! Ilinichoma, na mimi nikichomwa nakuwa mkali.

"Lete," nikasema.

"Hujui Kilatvia, bibi."

"Na wewe hujui kuona. Lete."

Hivyo ndivyo nilivyogeuka macho yake. Niliisoma herufi kwa herufi, kama nilivyofundishwa misheni, bila kuelewa neno. Herufi nyingine zilivalishwa vikofia, nyingine zilikuwa na vimkia, nami nilizipita zote kwa nguvu tu. Alicheka mpaka akalia. Sikuwa nimemsikia akicheka. Halafu akaniambia nilichosoma: jina la timu waliyocheza nayo, magoli, na majina kumi na moja ya wachezaji, kuanzia golikipa. Basi. Barua nzima ndiyo hiyo.

"Na chini kuna neno?" akauliza.

Nikageuza karatasi. "Hakuna."

Akaichukua karatasi, akaikunja. Swali hilo aliliuliza kila barua ilipofika, na jibu langu lilikuwa lile lile.

Kidogo kidogo nikajua mambo yake. Kwao ni mji wa bandari kwenye mto mkubwa, na mto wenyewe, alisema, wakati wa baridi huwa mgumu mpaka watu wanapita juu yake kwa miguu. Nikamwambia atafute mwingine wa kumdanganya. Huko yeye na mdogo wake walifanya kazi kiwandani, wakaanzisha timu na wenzao. Wadachi wa mji ule walikuwa na timu yao, Waingereza wa melini walikuwa na yao, na wote walikuwa na kiwanja kizuri. Wao hawakuruhusiwa kukikanyaga. Walichezea nyuma ya kiwanda cha ngozi, penye harufu na ng'ombe wa watu. Mpira wa kwanza waliushona wenyewe kwa ngozi ya viatu vya marehemu baba yao. Mwaka wa kwanza walifungwa mechi zote.

Yeye ndiye aliyekuwa katibu. Alikuwa na daftari kubwa lenye jalada jeusi, na kufungwa kote kule kulikuwa mle, kwa mwandiko safi.

"Sasa mbona unaandika mlivyofungwa?" nikamuuliza. "Si ungeanzia mliposhinda?"

"Tulicheza," alisema. "Kwa hiyo naandika."

Mdogo wake ndiye aliyekuwa golikipa. Alinichorea uwanja kwa majivu pale uani, akaweka mahindi kumi na moja huku na kumi na moja kule, na mimi nikaona jambo lote ni upuuzi, watu wazima kukimbizana na ngozi. Ila lile hindi moja la nyuma lilinishika.

"Huyu mbona yuko mbali na wenzake?"

"Huyo ndiye golikipa."

"Na mpira ukiwa upande ule, anafanya nini?"

"Anangoja."

Nikamwelewa huyo kuliko wote kumi.

Mwenye shamba alipoamua kuja huku, mdogo wake alimwambia: umeiacha timu. Yeye akajibu neno baya zaidi. Hawakupeana mikono bandarini. Tangu hapo mdogo mtu akawa anatuma kumbukumbu za mechi ili daftari liendelee, lakini bila salamu, wala "hujambo", wala jina lake mwishoni. Na kaka mtu akawa anajibu, kwa mkono wangu sasa: "Nimepata. Nimeandika." Wanaume! Bahari nzima katikati yao na bado wanashindana kununa.

"Kwa nini usianze wewe?" nikamwambia siku moja.

"Yeye ndiye mdogo."

"Mh. Basi mngojane mpaka mzeeke."

Siku mbili alishinda kitaluni. Siku ya tatu akaniambia nishone gunia dogo la kitambaa kizuri, niandike juu yake jina la mdogo wake kwa uzi mwekundu. Kahawa ilikuwa inakaribia kuzaa kwa mara ya kwanza. Mavuno ya kwanza kabisa yangejaza gunia lile, yangekwenda kule, na ndani yake ingekuwamo barua yenye salamu. Ataanza yeye. Nilishona lile gunia kwa furaha ambayo sikuwa nimeijua tangu nifiwe. Alilitundika ukutani karibu na meza. Kila jioni alizipapasa zile herufi, na kuniuliza kama kahawa imeanza kuwa nyekundu, wakati anajua fika bado ni mbichi.

Sasa niseme la msalaba, maana hapo ndipo nilipoharibu.

Barua moja ilikuja na majina kumi na mawili badala ya kumi na moja. La kwanza juu lilikuwa na msalaba mdogo pembeni. Nikasoma yote kwa sauti. Aliposikia la kwanza akaniuliza kama lina alama, nikamwambia ndiyo. Akavua kofia. Mchezaji huyo, winga wao, alikuwa amezama mtoni barafu ilipovunjika; habari hiyo ilikuwa imetangulia kwa karatasi ya peke yake. Desturi ya timu ni kwamba mchezaji akifa, katika mechi inayofuata jina lake linaandikwa juu ya wenzake, na msalaba, ili naye ahesabiwe amecheza.

Mimi nikaruka kama nimekanyaga moto. "Umenifanya nimetaja marehemu!" Nikatoka nje, nikatema mate, nikasukutua kinywa. Kwetu Waarusha aliyekufa hatajwi jina. Haijalishi umebatizwa mara ngapi. Hata msiba wenyewe hausemwi hivi hivi: mtu akirudi kutoka malisho ya mbali, akaulizia jamaa, watu humtajia wazima wote na kumruka mmoja. Ameshaelewa. Anakaa chini, anaachwa anyamaze. Nilimweleza yote hayo, nikiwa nimefura kwa hasira. Akacheka, akasema kwao kinyume chake: kila mwaka mchungaji husoma majina ya waliokufa kanisani kwa sauti, na asipotajwa mtu wako unaona umetukanwa.

"Basi mimi sitataja," nikasema. "Nikifika kwenye msalaba naruka."

"Ruka, ruka," akasema, bado anacheka. Nilidhani ameyashika. Alikuwa amecheka tu.

Barua yenyewe ilikuja wakati wa masika, mvua inapiga bati. Kabla sijaifungua niliona mwandiko si ule. Nikafungua. Majina kumi na mawili. La juu lilikuwa lile lile nililolishona kwa uzi mwekundu, na msalaba pembeni yake.

Lazima ilikuwapo barua nyingine ya kueleza, ikapotelea njiani. Mpaka leo sijui kilichomuua.

Yeye alikuwa amekaa mezani, ameinamisha kichwa kama alivyozoea wakati wa kusikiliza. Nilijua la kufanya. Nilifanya kwa heshima yote niliyolelewa nayo. Nilisoma jina la timu pinzani, nikasoma magoli, nikaanza na jina la pili. Jina la golikipa mpya.

Akainua kichwa. "Anza tena."

Nikaanza tena, polepole, nikaruka pale pale.

"Golikipa ni huyo?"

"Ndiyo huyo."

"Na chini kuna neno?"

"Hakuna, Bwana."

Akasimama, akapapasa ukuta, akalitungua lile gunia, akatoka nalo mvuani. Niliona amelitupa matopeni kitaluni. Nikasema moyoni, amesikia. Maskini, amesikia. Nikafanya kama tunavyofanya kwetu: nilinyoa nywele zangu, nikapika uji, nikauweka karibu naye, nikanyamaza. Kwenye daftari nilinakili kikosi kile, na juu ya majina kumi na moja nikaacha mstari mtupu.

Miezi ikapita hivyo. Hakunituma kuandika jibu, nami nikaona ni sawa, angemwandikia nani? Nikitaja mpira aligeuza uso. Kahawa ikawa nyekundu, tukaichuma, yote ikaingia magunia ya kawaida. Jioni alikaa upande wake wa nyumba, mimi nikakaa wangu. Upweke wa mwaka ule ulikuwa mbaya kuliko ule wa kwanza, maana safari hii nilijua jinsi anavyocheka. Lakini nilijifariji: tunaomboleza pamoja. Nilijiona hata nina ukoo tena, wa mtu mmoja.

Vita ikatangazwa. Hatukuisikia bunduki hata moja, tulisikia viatu. Askari wanne walikuja asubuhi na barua ya boma: Mrusi ni adui wa Mdachi, na makaratasi yalisema yeye ni Mrusi. Afunge mzigo, alale boma, kesho apelekwe bara, upande wa Tabora, kunakofungwa wazungu wa upande wa adui. Safari hii hakubisha kwamba yeye ni Mlatvia. Nilimfungia nguo. Akaniwekea daftari mikononi.

"Vita ikiisha, bibi, utamwandikia mdogo wangu," alisema. "Mwambie nilikasirika sana kuona ameiacha timu, baada ya kunisema mimi. Mwambie yameisha, nimemsamehe. Mwambie anisalimu na yeye, hata kwa neno moja. Na gunia lingine utamshonea. Usisahau."

Mungu wangu.

Kumbe hakujua! Miezi yote ile alikuwa amenuna, na mimi nimenyoa kichwa changu kwa msiba wake. Nilifungua mdomo. Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi, na ulimi ukakataa, kama mnyama anayekataa kuvuka maji. Askari wakasema twende, twende. Wakaenda. Alikuwa ameshika bega la askari wa mbele ili asijikwae.

Sijui nilikaa kizingitini muda gani. Nilijisemea: mwache, aende na tumaini lake, linamdhuru nini? Halafu nikafikiria atakaa kule gerezani akingoja salamu ya mtu ambaye hayupo, mwaka baada ya mwaka, na mimi nimejua. Nikajichukia. Nikafunga daftari, ile barua ya masika na penseli kwenye kanga, nikashuka kwa miguu kutoka Olmotonyi hadi mjini, kwenye jua la mchana, sijala kitu, nikijisemesha kama mwehu.

Boma la Arusha wakati ule lilikuwa jeupe, jipya. Mlinzi wa lango akanifukuza. Nikamwambia huyo mzungu ni kipofu, na mimi ndiye macho yake, na nina karatasi yake ya kumsomea, na kama hataki aniue hapa hapa kwa sababu siondoki. Alikuwa mtu wa pwani, mwenye umri. Akanitazama kichwa changu, ambacho nilikuwa bado nakinyoa kwa msiba, akasema, "Nenda dirishani, mama. Usikawie."

Yeye alikuwa kwenye stoo, nyuma ya nondo. Alinijua kwa sauti.

"Umesahau nini?"

"Kikosi kile cha masika," nikasema. "Sikukisoma chote. Nataka kukisoma sasa."

"Bibi, hakuna haja."

"Nyamaza unisikilize!"

Nikafungua ile karatasi. Nikashika nondo kwa mkono mmoja. Nikasema jina la mdogo wake, lote, na la baba yao, na vikofia na vimkia vyote kama alivyonifundisha, kwa sauti iliyofanya askari kule langoni wageuke. Sikuruka. Kisha nikasema: "Lina msalaba."

Mkono wake ulikwenda kichwani kutafuta kofia, haikuwapo, waliichukua.

"Tangu masika?" akauliza.

"Tangu masika. Nilimruka kwa heshima. Nilidhani nimekuambia."

"Na mimi nilikuwa ninamtukana," alisema. "Kila siku. Kitandani, shambani. Nilikuwa ninamtukana."

Nililia. Na yeye alilia, tena kwa sauti, uso kwenye nondo. Sikuwa na desturi yoyote ya wakati kama ule, wala yake wala yangu. Nikamshika vidole tu.

Baadaye akasema, "Soma tena. Wote kumi na wawili."

Nikasoma wote kumi na wawili. Nilipolifikia lile jina halikuniuma sana kama mwanzo. Akaniambia nilitie kwenye daftari, kwenye ule mstari niliouacha. Nililiandika pale pale dirishani, nimeegemeza daftari ukutani, nikachora msalaba. Akauliza kama umenyooka. Nikamwambia umenyooka. Mlinzi akaja akasema basi, mama, basi.

Sikumwona tena.

Waingereza wakaja, shamba likapewa mtu mwingine, nami nikahamia huku mjini na daftari langu. Niliuliza boma, niliuliza misheni. Mmoja alisema wafungwa wale walirudishwa kwao kwa meli, mwingine alisema homa iliwamaliza wengi. Habari za Mlatvia mmoja hakuna aliyekuwa nazo. Barua kutoka ule mji wa mto hazikuja tena. Nikaona, maadamu sijaambiwa, yu hai, na aliye hai anatajwa. Kwa hiyo kila Jumapili jioni, nimefunga mlango, nimekuwa nikilitaja jina lake kwa sauti, mara moja. Miaka na miaka. Majirani wanadhani nasali.

Niliwaahidi nitamtaja mwishoni. Nilitaka nimwandike kwa herufi kubwa, vijana wale waje wasome, waone kama koko anadanganya. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Nimeandika herufi ya kwanza, nimeifuta. Mkono hauendi. Na sasa nakumbuka kwamba Jumapili iliyopita pia sikumtaja, wala ile ya kabla yake. Nilisema nimechoka tu, nikalala.

Basi. Nimelifungua daftari ukurasa wa mwisho, nimewanakili wote kumi na wawili wa kikosi cha masika upya kwa mwandiko wangu bora. Juu yao nimeacha mstari mtupu.